Siku ya Kujificha

Mimi sina subira, nakwambia kabisa tusije tukalaumiana. Hata habari hii nikiisimulia huwa napandisha sauti, na kaka yangu akiwepo huinuka taratibu akaenda zake nje. Basi sikiliza wakati hayupo.

Shule yetu ni ndogo. Marehemu baba aliianzisha ndani ya nyumba yetu wenyewe. Sebule ikawa darasa, chumba cha wageni kikawa darasa, na sisi wanawe tukawa tunalala stoo mpaka alipojenga vyumba vya nyuma. Siku hizi kaka ndiye mwalimu mkuu, mimi nafundisha darasa la pili. Uwanja wa maana hatuna, basi hatuna, na maabara ni kabati lenye kufuli bovu. Lakini mila? Hapo usituchezee. Mvua za kwanza zikinyesha, kila darasa linapanda mti wake. Baridi ikiingia, wakubwa wanawasomea wadogo hadithi wote wakiwa wamejifunika blanketi moja. Na Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga shule, jua la kiangazi linapoanza kuchoma, ni Siku ya Kujificha. Hiyo watoto wanaisubiri mwaka mzima, wengine hawalali.

Mchezo ni hivi. Shule nzima inajificha na mtafutaji ni mmoja tu, mwalimu mkuu. Zamani alikuwa baba, sasa ni kaka. Wazazi wanakuja wanaketi chini ya turubai, wanakunywa chai, wanakula keki, wanacheka. Ukipatikana unakwenda kukaa barazani na mdomo unaufunga. Humwonyeshi mwenzako kwa kidole wala kwa jicho. Na mchezo hauishi mpaka mtafutaji apande ngazi za baraza, aseme mbele ya watu wote, "Nimeshindwa." Neno hilo kaka hajawahi kulitamka. Watoto wanamwita Mwewe, na yeye kwa kweli jina hilo linampendeza, hata akijitia kununa. Kila kabati na kila uvungu wa nyumba ile anaujua, kakulia humo.

Sasa kuna jambo jingine, na ndilo lililotuponza. Watu wazima wanaruhusiwa kudanganya. Alianza baba mwenyewe, kwa utani tu, akapaza sauti, "Jamani, keki inakwisha!" wakatoka watoto kibao. Mwaka uliofuata wazazi nao wakaingilia, na kila mwaka uongo ukazidi kunoga. Mzee mmoja alikuja na sanduku la safari akimwita mwanawe eti gari linawaacha. Mpishi akapiga ukelele wa moto. Mimi mwaka mmoja kabla ya huu ninaousema nilijipaka kitunguu machoni, nikajilaza kwenye kokoto, nikalia kwamba nimevunjika mguu. Darasa langu zima likatoka mbio, maskini, wengine nao wanalia. Nikainuka nikawacheka. Wazazi walishika mbavu. Tangu hapo wakubwa wakawa wanawafunda wadogo wiki nzima: usitoke kwa kengele, usitoke kwa moto, usitoke hata mama yako akigaragara. Nasi tukaona raha, tukasema watoto wetu wamekuwa wajanja.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Shule nzima inamwita Sisimizi, kwa udogo wake na kwa kupenya kwake kila mahali. Alikuwa darasa la kwanza, kwa hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kujificha. Chekechea hawachezi, wanatazama tu. Asubuhi nikimfunga vifungo vya sare akaniambia, "Mama, leo Mjomba hanipati."

"Mwewe akukose wewe?"

"Atasema ameshindwa. Utamsikia."

Nikamwambia haya, tutaona. Nilijua atapatikana kabla chai haijapoa.

Basi kaka akaweka uso ukutani, watoto wakatawanyika, wazazi wakaanza kupiga makofi ya kumsindikiza. Akafanya kazi yake. Huyu akamtoa nyuma ya pazia la ofisi, yule kwenye pipa la takataka, ananuka na anacheka. Mmoja alikuwa amelala juu ya rafu ya vitabu, kajifunika ramani. Baraza ikaanza kujaa. Kila anayepatikana anaketi, anabana midomo, na macho yanamcheka kaka. Mwishowe ikabaki nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo ni wangu.

Sikufichi, nilivimba kichwa. Watu wakaanza kuniambia, "Mwalimu, binti yako moto!" nami najibu, "Mnamwona hivyo hivyo tu." Kaka akazunguka dari, akazunguka stoo, akafungua hata oveni ya mpishi. Kila akirudi mikono mitupu, watu wanashangilia.

Hapo katikati maji ya bomba yakaja. Kwetu maji ya mji huja yanapotaka yenyewe, na yakija hata kama uko msibani unakwenda kufungua. Mabomba yakakoroma, kaka akacheka akasema, "Samahani wazazi, mapumziko kidogo," akaenda nyuma ya jiko akafungua koki ya tangi la chini ya ardhi. Alikwenda anapiga mluzi. Tangi lilikuwa tupu. Mafundi walikuwa wamelisugua na kulipiga plasta, wakaacha ngazi yao ya mbao imesimama ndani, na mfuniko wa chuma wakauacha wazi kidogo plasta ipate hewa. Uwazi wenyewe hata paka angefikiria mara mbili kupita. Tena mahali pale ni marufuku tangu enzi za baba, hakuna mtoto aliyewahi kujificha pale, ndiyo maana kaka hakuinama kuchungulia. Alifungua koki, akaondoka.

Nakwambia mapema usije ukasema nimekuficha: mtoto wangu alikuwa humo ndani.

Sisi hatukujua. Tuliendelea kula keki.

Mimi ndiye niliyeanza kuingiwa na wasiwasi. Jua lilikuwa limepanda, na Sisimizi ni mtoto wa kukojoa kila saa na kuomba maji kila saa. Nikasimama katikati ya ua nikaita, "Haya mama, umeshinda, toka basi!" Barazani wakaguna kwa kicheko. Nikaita tena, kwa jina lake hasa, lile nisilolitumia ila nikiwa nimekasirika. Wakacheka zaidi. Mlinzi wa getini akaapa kwamba hajatoka mtoto. Sikumwamini. Nilitoka mwenyewe barabarani nikatazama huku na huku, magari yanapita, pikipiki zinapita. Nikarudi.

Kaka alikuwa anatoka chooni, kajaa utando wa buibui mabegani. Nikamvuta pembeni.

"Kaka, sema umeshindwa."

"Bado. Yuko darini huyo, nasikia kitu."

"Ulishapanda darini mara mbili! Sema, mtoto atoke."

"Dada, tulia. Wazazi wanatazama."

"Wazazi? Mimi si mzazi?"

"Unataka mtoto wako ashinde, sema tu," akaniambia, na akatabasamu. Yaani akatabasamu! Nikamwambia, "Sitaki ushindi, nataka mtoto!" na sauti ikanikatika palepale, machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa.

Unajua wazazi walifanya nini? Walipiga makofi. Mama mmoja aliyevaa miwani ya jua akasema kwa sauti, "Mwalimu huyu jamani, mwaka huu kajipita!" Nikamgeukia nikamtamkia maneno ambayo siyarudii hapa. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyofurahi, na kadiri walivyofurahi ndivyo nilivyolia. Hujawahi kuona jambo kama hilo, na Mungu akuepushe nalo. Nilitamani kumshika mtu koo.

Na maji yanaingia. Kila nikikumbuka kwamba wakati ule nikibishana na kaka maji yalikuwa yanaingia, hata leo huinuka nikaenda kuikagua ile koki.

Ndipo nikaigeukia baraza. Watoto wote wamekaa kwa mistari, midomo imebanwa, magoti yamekutana. Nikawaza: hawa wanajua. Angalau mmoja wao anajua. Mtoto wa miaka sita hawezi kuwa na siri asimpe mtu.

"Nani anajua Sisimizi yuko wapi?"

Wengine wakainamisha vichwa kuzuia kicheko.

"Sichezi. Nani anajua?"

Mstari wa mbele alikuwepo jirani yake wa dawati, msichana wa darasa la kwanza tunayemwita Mapengo kwa sababu meno yote ya mbele yalikuwa yamekwenda zake. Yeye alipoona namtazama, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nikajua ni yeye. Nikapiga magoti, nikambembeleza, "Mapengo, mwanangu mzuri, niambie tu mimi. Kwa sikio." Akatikisa kichwa. Macho yake yanacheka! Anaona ninavyojitahidi, anaona Mwalimu mwaka huu amefanya mazoezi. Nikamshika mabega nikamtikisa. Akazidi kukaza mikono mdomoni. Tumewafundisha vizuri, hakuna aliyelegea.

Mkono wangu ukapanda juu. Shule yetu mtoto hapigwi, baba aliweka sheria hiyo siku ya kwanza, na mimi sijawahi kuivunja. Lakini ule mkono ulikuwa juu na ulikuwa unashuka. Kaka akaudaka.

Akanigeuza nimtazame. Mtu aliyekula na wewe sahani moja tangu utoto anakujua. Alinitazama usoni, akautazama ule mkono uliotaka kupiga mtoto, na tabasamu likamtoka usoni lote.

"Wewe unalia kweli," akasema.

Akaniachia. Akapanda ngazi za baraza, akajifuta utando wa buibui, akasema kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Nimeshindwa."

Halafu wazazi wakalipuka, vigelegele, viti vinaanguka, watu wanageuka huku na huku waone mtoto atatokea upande gani. Nami nikageuka nao. Nikatazama mlango wa stoo, nikatazama dirisha la ofisi, nikatazama juu ya bati. Hakutokea mtu.

"Nimeshindwa!" kaka akarudia. "Sisimizi, mchezo umekwisha, mjomba wako nimeshindwa!"

Kwenye baraza kijana mmoja wa darasa la saba akaangua kicheko. "Uongo! Mwewe hashindwi!" Baraza nzima ikadakia, wanapiga makofi na miguu, "Uongo! Uongo! Uongo!" Shule nzima inaimba. Kaka anainua mikono kuwanyamazisha, wao wanaona ndiyo sehemu yenyewe tamu. Anasema "Kweli," wanasema "Uongo." Anawaapia, wanamshangilia. Mwalimu mkuu, mtu ambaye akikohoa tu shule inanyamaza, siku ile hakuwa na neno la kuwaambia wakaliamini. Nikaona jasho linamshuka kwenye kola.

Akaacha kupiga kelele. Akashuka ngazi, akapiga magoti vumbini mbele ya Mapengo, suruali yake ya sherehe na yote. Sikusikia vizuri kwa zile kelele, nikasogea.

"Mimi sijui aliko rafiki yako," alikuwa anamwambia. "Nimetafuta kila mahali ninapopajua. Naogopa."

Mapengo akatoa mikono mdomoni kidogo. "Mwewe haogopi."

"Naogopa sana, mama."

Mtoto akamtazama. Akanyoosha kidole, akamgusa kaka shavuni palipolowa machozi, akakinusa kile kidole. Nikaelewa ananusa nini. Anatafuta kitunguu. Akanusa tena, safari hii polepole, na nikaona uso wake unabadilika, yale macho ya kucheka yanaondoka moja kwa moja.

"Yuko kwenye tangi," akasema. "Lakini kaniambia nisiseme."

Kaka hakunyanyuka kama mtu, aliruka. Mimi sikumbuki nilipita wapi. Nakumbuka meza ya chai ilianguka na nilikuwa nimeshika kitambaa chake, sijui cha nini. Nyuma ya jiko palikuwa shwari kabisa. Nguo za jikoni zimeanikwa, kuku anatembea. Na chini ya ardhi maji yanaunguruma.

"Funga koki!" kaka akanipigia kelele. Koki ile ni ngumu, hufungwa na mwanamume kwa mikono miwili. Niliifunga. Viganja vilichunika, nikaona baadaye. Kaka akauburuza mfuniko, akaingiza kichwa, akaita, kisha akajitosa na viatu vyake.

Nikasikia maji yamepasuka. Kisha nikasikia anahema, anapapasa, anagonga mbao. Nimelala kifudifudi kwenye saruji, kichwa kiko ndani ya shimo, sioni kitu, jua limenijaa machoni na mle ndani ni giza. Nikawaza, hivi ndivyo inavyokuwa. Watu wanapiga makofi na mtoto wako amekufa.

Halafu nikasikia sauti, ndogo, imekwaruza, meno yanagongana.

"Mjomba, umeniona, au umeshindwa?"

Nikamsikia kaka anayakata maji kumfuata.

"Nimeshindwa, mama," akasema. "Nimeshindwa."

"Basi sawa," akasema Sisimizi.

Maji yalikuwa yamemfika kidevuni. Ngazi ya mafundi ilikuwa imeelea ikaanguka, naye aliikumbatia. Kaka ilimbidi ambandue vidole kimoja kimoja kwenye ile mbao, vilikuwa vimekakamaa havitaki kuachia. Akanipandishia. Midomo ilikuwa ya kijivu na sare imemganda mwilini. Nikamzungushia kitambaa cha meza chenye madoa ya chai, nikambana kifuani, nikamsugua mgongo, nikamsugua miguu. Watu walikuwa wameshafika, wametuzunguka, na sasa hakuna aliyekuwa anacheka. Yule mama wa miwani alikuwa ameivua, kaishika mkononi. Mapengo alisimama mbele ya wote, kidole chake bado kimenyooka.

"Kwa nini hukuita?" nikamuuliza. "Kwa nini, mwanangu?"

"Niliita kidogo ngazi ilipoanguka. Halafu nikanyamaza."

"Kwa nini ukanyamaza?"

"Ningeshindwa." Akapiga chafya. "Mjomba nilimsikia, wote wakasema uongo. Nawe nilikusikia, mama. Unaniita, unalia. Nikasema, leo mama kaweza kweli."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nililia mbele ya wazazi, mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya mpishi na mlinzi, nikalia kwa sauti mbaya ambayo hakuna anayeifanyia mazoezi. Nikamwambia ni kweli, mwanangu, ilikuwa kweli tangu mwanzo, na sasa ni kweli. Akajitoa kidogo kifuani kwangu. Akanishika kidevu kwa vidole vya baridi, akanigeuza uso upande huu, akanigeuza upande ule, akanitazama machozi yanavyoshuka. Kisha akamgeukia kaka, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa shimo, maji yanamchuruzika.

"Mjomba," akamuuliza, "eti analia kweli huyu?"

Nami niliyemzaa nikageuka kumtazama kaka, nikingoja anitolee ushahidi.